Zizi Tupu la Habakuki

JUMATANO

Soma Luka 12:16–21 na Habakuki 3:16–19. Kila mmoja wa watu hawa wawili anaona nini moyoni mwake kabla hakijatokea?

Tajiri wa mfano wa Yesu alikuwa mwepesi wa kuwaza. Ghala mpya hazijajengwa, lakini tayari anaziona zimejaa. Anaona na miaka mingi ya kula na kunywa. Mazungumzo yake yote ni na nafsi yake. Jirani hatajwi, wala Mungu, mpaka Mungu mwenyewe anapoingilia kati usiku ule.

Wapo waliojenga fundisho zima juu ya kuwaza kwa namna hii. Neville Goddard (1905–1972), mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani, alisema Mungu wa Biblia ndiye uwezo wa kuwaza ulio ndani ya mwanadamu, na kwamba anayejiona amekwisha kupata, atapata. Fundisho hili huvutia kwa sababu lina chembe ya ukweli: Mungu alimtoa Abramu nje akamwonyesha nyota, ili mzee asiye na mtoto auone uzao wake (Mwanzo 15:5). Lakini Abramu hakujitungia ahadi ile, aliambiwa. Tena, fundisho hilo lina neno gani kwa mama aliyeomba usiku kucha, kisha akamzika mtoto wake? Kwamba hakuwaza vizuri. Maandiko hayamtwiki mzigo huo.

Habakuki anafanya kinyume. Wakaldayo wanakuja, na midomo yake inatetemeka. Naye anaitazama hasara, kitu kimoja kimoja: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kundi, na mwisho zizi lisilo na ng'ombe. (Mfugaji yeyote anajua ukimya wa zizi tupu asubuhi.) Hajilazimishi kuona ng'ombe wasiokuwepo. Anasimama humo humo, na humo ndimo anapoanza kumfurahia Bwana. Kama ng'ombe watarudi, hasemi.

Paulo naye alikuwa mfungwa alipowaombea Waefeso waimarishwe katika utu wa ndani. Kipimo cha Mungu, kwake, hakikuwa mawazo yao. Mungu hutenda kupita hayo (Waefeso 3:1, 16–20).

Kwa majadiliano: Ukiandika orodha ya Habakuki kwa vitu vya nyumbani kwako, ungeogopa kuandika kipi? Je, darasa lenu limewahi kumwambia mgonjwa au mfiwa kwamba imani yake ilipungua? Mkimtembelea Sabato hii, mtamwambia nini?