Mkono wa Mtu Sokoni

Ni saa nne asubuhi Nairobi, majira ya kiangazi Ulaya, na soko la London linafunguliwa. Kijana aliyenunua pauni kwa dola tangu alfajiri anatazama chati kwenye simu: mshumaa mwekundu unashuka kwa kasi, unagusa kikomo chake cha hasara, unamtoa sokoni, kisha bei inageuka na kupanda kulekule alikotabiri. Hana shaka, hapa kuna mkono wa mtu. Benki kubwa zimemwona.

Imani hii ina mwalimu wake. Richard Wyckoff, Mmarekani aliyefariki 1934, aliwafundisha wanafunzi kuusoma mwendo wa bei kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja: hukusanya hisa kimyakimya, huzipandisha bei, huwauzia wanaochelewa, kisha huziacha ziporomoke. Alimtumia mtu huyo kama nyenzo ya kufikiria tu. Wafuasi wengi wamemfanya kiumbe hai.

Fikra kama hii si ya sokoni tu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, alieleza katika kitabu chake cha 1937 jinsi ghala linavyoanguka na kuumiza waliopumzika kivulini. Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liwaangukie hawa, saa hii. Hapo ndipo uchawi unapotajwa.

Mchwa wa soko nao wanajulikana. Benki inayotaka pauni kwa mamilioni haizipati bila wauzaji, na maagizo ya kuuza ya wafanyabiashara wadogo hujazana mahali pamoja, chini kidogo ya bei ya chini ya usiku, maana wengi wamefundishwa kuyaweka hapo. Bei ikifika, yanafyatuka yenyewe. Hakuna aliyehitaji kumjua kijana yule, na pengine hilo ndilo linalouma zaidi.

Njama zipo, naam. Novemba 2014 wadhibiti wa Uingereza, Marekani na Uswisi walizitoza benki kadhaa faini ya zaidi ya dola bilioni 4, kwa kuwa watumishi wao walipanga kwenye vyumba vya gumzo namna ya kusukuma bei ya marejeo ya sarafu ya saa kumi jioni, London. Lakini pale palikuwa na ujumbe ulioandikwa, na saa zake. Mkono wa asubuhi haukanushwi na lolote: bei ikishuka, wakubwa wanatega, ikitulia, wanakusanya.

Nchini Brazil, watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya baadaye ya hisa ndani ya siku moja kati ya 2013 na 2015. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Kuwawinda wote hao mmoja mmoja kungekuwa kazi ya kuajiri jeshi zima.