Mjomba, nataka kuacha kazi nicheze karata

Mpwa wangu anayeishi Houston, katika jimbo la Texas, aliniletea ujumbe wa WhatsApp ulioanza kwa "Shikamoo mjomba" na kuishia na jedwali la Excel. Anataka kuacha kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, acheze poka na hiyo ndiyo iwe ajira yake. Hakuomba pesa, wala hakuomba ruhusa. Aliomba nimkagulie hesabu, kwa kuwa anajua uhasibu ndio ulionilisha mimi na wanangu.

Nilikubali, na niseme mapema kwamba jedwali lilikuwa safi. Vijana wetu wa mikeka ya mpira hawaandiki walicholiwa. Wanakumbuka siku waliyokula tu, na picha ya mkeka ule inakaa kwenye simu mwaka mzima. Huyu ameandika kila kikao: ameingia saa ngapi, ameketi na shilingi ngapi (kwake dola), ametoka na ngapi. Jumla ni saa 400, na wastani wa faida ni dola 31 kwa saa baada ya kulipia kiti. Sheria ya Texas hairuhusu mwenye ukumbi kufaidika na mchezo wenyewe, kwa hiyo vilabu vya huko havikati asilimia ya pesa iliyoko mezani kama kasino za Las Vegas zinavyofanya. Vinatoza kiti kwa saa, vikijiita vilabu vya wanachama.

Kazini analipwa dola 27 kwa saa. Akazizidisha zote mbili kwa saa 2,080, ambazo ni saa za kazi za mwaka kwa Wamarekani. Poka ikatoka dola 64,480, kazi ikatoka 56,160. Tofauti, dola 8,320, akaipaka rangi ya kijani.

Najua ndoto hii ilikozaliwa. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee anayeitwa Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake halisi, aliingia katika mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas kwa tiketi aliyoipata mtandaoni kwa chini ya dola 100, wakati kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Akawashinda washindani 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye mashindano yaleyale yalivuta watu 8,773, na wengi wao wakarudi makwao mikono mitupu. Mhasibu mmoja akipata, wahasibu wa nchi nzima huanza kuitazama kalamu yao kwa dharau. Mimi mwenyewe nikimsoma yule bwana nilijihisi kuwashwa kidogo.

Turudi kwenye jedwali. Saa 400 kwa mcheza karata ni wikendi nyingi sana, lakini kwa hesabu ya uwezekano ni chache mno. Kwenye meza anayoichezea, ile ya dola 2 kwa 5 ambayo mtu huketi na dola 500, matokeo ya saa moja huyumba kwa kiasi cha dola 275 juu au chini ya wastani. Ukilifuata yumbo hilo kwa saa 400, wastani wake wa kweli unaweza kuwa popote kati ya dola 4 na dola 58 kwa saa. Huenda kijana wetu ni fundi hodari. Huenda pia ni mtu aliyekuwa na msimu mzuri, ambaye mlinzi wa mlango wa kilabu anamzidi kipato. Jedwali lake haliwezi kutuambia yupi ni yupi, na yeye hawezi kujua kwa kujipima moyo.

Halafu zile saa 2,080. Mwajiri analipa likizo, sikukuu na siku ya homa. Meza hailipi. Zaidi ya hapo, meza zenye faida ni za Ijumaa na Jumamosi usiku, wanapokuja watu waliotoka kula chakula kizuri na kutaka kujifurahisha. Jumanne saa nne asubuhi utawakuta wacheza karata wenzako wa kazi, kila mmoja akimngoja mwenzake akosee, na kiti kinalipiwa vilevile. Mtu mwenye bidii atafikisha saa 1,500 kwa mwaka. Nikaushusha wastani wake hadi dola 25, ambao bado ni wa mchezaji mzuri, na mwaka ukatoka dola 37,500. Kwa yumbo lilelile, takriban mwezi mmoja katika kila sita utafungwa kwa hasara hata kama hakukosea chochote. Mwenye nyumba wa Houston hataki kusikia habari za uwezekano.

Hapo ndipo mtaji unapoliwa. Ana dola 18,000, na wenye ujuzi wa mchezo huu watamwambia zinatosha kwa meza yake, kwa kuwa ni zaidi ya mara 30 ya zile dola 500 anazoketi nazo. Zinatosha kwa mchezo. Hazitoshi kwa mchezo pamoja na kodi ya nyumba, gari na chakula. Miezi miwili mibaya, kila mmoja ukimega dola 3,000 za matumizi na hasara yake juu, itamsukuma kwenye meza ndogo. Meza ndogo ina faida ndogo, matumizi yamebaki yaleyale, na sasa anacheza kwa hofu. Mwenye hofu hutupa karata nzuri. Wafanyabiashara wa duka wanaujua ugonjwa huu wa kula mtaji. Tofauti ni kwamba duka likifilisika hubaki na mashelfu.

Kodi ya serikali hakuigusa kabisa. Akiwa mwajiriwa, kampuni inamlipia nusu ya mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni; akijiajiri atalipa yote, asilimia 15.3. Bima ya afya, ambayo Marekani si jambo la kuchezea, ataitafuta mwenyewe. Isitoshe, sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inasema kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 mcheza kamari ataruhusiwa kukata asilimia 90 tu ya hasara zake. Chukua zile dola 37,500. Ili zipatikane, tuseme vikao vya kushinda vilileta 90,000 na vya kushindwa vikachukua 52,500. Atatozwa kodi kana kwamba amepata 42,750. Dola 5,250 ambazo hajawahi kuzishika zitaingia kwenye hesabu ya kodi. Ile tofauti ya kijani, kwa kweli, ilishakuwa nyekundu kabla sijafika hapa.

Akanijibu kwamba wapo waliofanikiwa, na ni kweli wapo. Nikamkumbusha Stu Ungar, ambaye wengi wanamtaja miongoni mwa wacheza poka wenye kipaji kikubwa kuliko wote. Alishinda mashindano yale makubwa mara tatu. Mara ya tatu, mwaka 1997, kiingilio alilipiwa na mtu mwingine, na dola milioni moja aliyoshinda akagawana naye nusu kwa nusu. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye moteli ya Las Vegas akiwa na dola 800 hivi. Dawa za kulevya na kamari nyingine ndizo zilizommaliza, si poka. Lakini kipaji hakikumwekea akiba.

Kuna jambo jingine ambalo Excel haina safu yake. Katika poka hushindani na kasino, unashindana na watu walioketi nawe. Kila dola unayoondoka nayo imetoka kwa mtu aliyekuwa mezani, na kazi ya mtaalamu ni kumtafuta mchezaji dhaifu na kukaa karibu naye. Mpwa wangu anasema yule mgeni amekuja kwa hiari yake na anaweza kuimudu hasara. Labda. Mimi nimehesabu pesa za watu miaka mingi na ninajua kwamba anayeweza kuimudu hasara na asiyeweza huvaa shati linalofanana.

Na yupo dada yangu, Tanga. Kila mwezi mwanawe humtumia pesa za dawa ya presha na karo ya mdogo wake, na kwa hesabu ya nyumba ile tarehe ni muhimu kuliko kiasi. Duka la dawa halifungui deni kwa maelezo kwamba karata hazikukaa vizuri. Kubwa zaidi, dada yangu ni mtu wa swala tano. Kijana anaweza kunithibitishia mimi kwamba poka ni ustadi, na kwa muda mrefu wa kutosha hesabu zinamuunga mkono. Mama yake ataona pesa imewekwa dau mezani kwa karata, ataiita kamari, na hataigusa. Akiambiwa imetoka kwenye "biashara", atauliza biashara gani. Kwa hiyo kipato hicho, hata kikiwa kikubwa, hakina njia ya kufika katika nyumba ambayo ndiyo sababu ya yeye kwenda Houston.

Nilimwandikia hivi: Usiache kazi. Kama mchezo umekushika, baki nao wikendi hadi jedwali lifike saa 1,500. Matumizi yote yatoke kwenye mshahara, na mtaji wa karata usichanganywe na pesa ya nyumba hata siku moja. Wastani ukibaki dola 31, tutazungumza upya, tena kwa kodi halisi na bima halisi. Na kabla ya hayo yote mpigie mama yako, umweleze wewe mwenyewe.

Alinishukuru kwa heshima. Jedwali amelirekebisha, safu ya kodi sasa ipo. Mama yake, hadi ninapoandika makala haya, hajampigia.