Nani Alikuambia?



Kipindi hiki wengi mko kwenye utafiti, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Hivi, nikisahau nilikoitoa sentensi, nikaiacha hivyohivyo kwenye tasnifu, hiyo nayo ni dhambi? Maana sikukusudia."

Swali zuri. Kusahau peke yake si dhambi, kwa sababu dhambi inataka ujue na uridhie. Lakini hebu tuangalie kusahau kwenyewe kunavyotokea. Umetumiwa kitabu kwenye grupu la WhatsApp. Unakopi aya mbili, unazibandika kwenye faili lako, unaendelea na mengine. Hakuna jina la mwandishi, hakuna ukurasa. Baada ya mwezi unafungua faili unakuta aya safi kabisa, imekaa katikati ya maneno yako. Utaapa ni yako! Na utaapa kwa moyo mweupe. Udanganyifu upo pale kwenye karatasi, ila ukitafuta siku uliyodanganya huioni.

Mimi naona siku yenyewe ni ile ya kubandika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1791, inasema kutojua kwetu mara nyingi tunakuwa na lawama nako, pale mtu asipojishughulisha kuutafuta ukweli na wema. Aliyebandika bila kuandika jina alijua kwamba atasahau. Nani asiyejua hivyo kuhusu kichwa chake?

Hapo ndipo ninapompenda Mtakatifu Beda, mmonaki wa Jarrow kule Uingereza, aliyefariki mwaka 735. Alipofafanua Injili ya Luka alichota sana kwa Ambrosi, Augustino, Yeronimo na Gregori. Hakutaka aonekane ameiba maneno ya wakubwa wake, kwa hiyo pembeni mwa ukurasa aliandika herufi za majina yao, kila mmoja palipo na maneno yake, akawasihi watakaonakili kitabu wasiziache. Wapo walioziacha! Na katika historia yake ya Kanisa la Waingereza, aliyoikamilisha mwaka 731, anaanza kwa kuwataja waliompa habari, akiwemo padri Nothelm wa London, aliyekwenda Roma kupekua nyaraka za Kanisa. Huyu ni mtu wa wino na ngozi za wanyama, hana kompyuta, na kila neno analinakili kwa mkono.

Kuna wanaosema elimu ni ya Mungu, haina mwenye hati. Sawa, lakini hakuna anayekutoza hela. Unaombwa useme tu. Sisi wenyewe hata methali ambayo mtunzi wake hajulikani hatuitoi mikono mitupu, tunatanguliza "wahenga walisema". Na kanisani je? Msomaji hafungui mdomo akaanza tu kusoma. Kwanza anatuambia: somo katika kitabu cha nabii Isaya, au katika barua ya Mtume Paulo kwa Warumi. Tumeisikia kila Dominika hadi hatuisikii tena. Anayesikiliza ana haki ya kujua ni nani anayesema naye, na akirudi nyumbani aweze kufungua aone kama ndivyo ilivyoandikwa.

Linaloniuma zaidi ni wazee. Unakwenda kwa katekista mstaafu kumuuliza habari za kigango chenu, anakupa saa tatu na chai juu yake, halafu kwenye tasnifu anakuwa "inasemekana". Mwandishi wa kitabu angalau jina lake liko kwenye jalada. Huyu mzee hana jalada! Andika jina lake, mahali na tarehe siku hiyohiyo. Mwulize kama anaridhia kutajwa, na akikataa mwite kwa namba, jina libaki kwenye daftari lako peke yako.

Kwa upande wa vitabu, kabla hujaandika kilichosemwa, andika aliyesema: jina, kitabu, mwaka, ukurasa. Maneno uliyokopi yafunge kwa alama za nukuu palepale, na wazo lako liandikie "langu". Programu kama Zotero ni ya bure na inasaidia sana kupanga marejeo, ila haitajua ni sentensi ipi uliyoibandika mahali pengine. Akili bandia nayo inaweza kukupa jina la kitabu na mwandishi wake, na kitabu hicho hakijawahi kuwepo duniani. Usichokifungua usikiweke kwenye orodha. Kama maneno ya mtu umeyakuta ndani ya kitabu cha mwingine, sema uliyakuta humo. Orodha ya marejeo ni ushahidi, na amri ya nane inaujua ushahidi wa uongo hata ukiwa umepangwa kwa alfabeti.

Na wewe ambaye tayari una aya usizojua zimetoka wapi? Chukua maneno sita au saba ya aya hiyo, yatafute mtandaoni yakiwa ndani ya alama za nukuu. Ukikosa, futa. Inauma, hasa ikiwa ndiyo aya nzuri kuliko zote. Kama kazi imeshakabidhiwa, soma namba 2487 ya Katekisimu kuhusu wajibu wa kurekebisha, kisha nenda kwa msimamizi wako kabla hajakuita yeye.