Mwacheni Mtoto Aguse

Mtoto akirudi kutoka skuli ya maandalizi, wengi wetu tunakimbilia daftari. Tunafunua kurasa, tunatafuta alama ya vema ya wino mwekundu, tunauliza leo wamefundishwa nini. Tukikuta ukurasa mtupu, nguo imejaa tope na vidole vinanata gundi, tunanuna. Ada tumelipa, mtoto kashinda anacheza! Nimewasikia wazazi wakiyasema hayo mlangoni mwa skuli, mbele ya mwalimu, tena mbele ya mtoto mwenyewe. Leo nataka kumtetea mwalimu yule na mtoto yule, kwani naamini kwa dhati kwamba wote wawili walikuwa kazini.

Kuna asubuhi nilikaa katika skuli ndogo ya maandalizi, shamba, hapa Unguja. Chini ya mwembe paliwekwa beseni la maji, na kando yake kikapu chenye vifuu, vizibo vya soda, makombe ya pwani, kokoto, magunzi ya mahindi na konzi mbili za komwe, zile mbegu za kijivu wanazochezea wazee bao. Mwalimu alikuwa na swali moja tu: kipi kitaelea na kipi kitazama? Sharti lake lilikuwa kwamba kila mtoto aseme kwanza anavyodhani, ndipo atie majini.

Kifuu kikaelea, kokoto zikazama, hapo wote walipatia. Kisha mvulana mmoja akachukua komwe. Akaigonga kwenye ukingo wa beseni, akasikia ilivyo ngumu, akatangaza kuwa itazama. Akaitia. Ikaibuka. Akaisukuma chini kwa kidole, ikaibuka tena. Akamtazama mwalimu, kana kwamba amedhulumiwa.

"Unaonaje, baba?" mwalimu akamuuliza.

Kimya. Msichana aliyechutama pembeni akasema taratibu, "Labda ndani hamna kitu." Mwalimu hakumwambia ndiyo wala siyo. Aliinuka, akaenda kutafuta nyundo. Ganda la komwe si la mchezo. Lilihitaji kupigwa mara kadhaa kabla ya kupasuka, na watoto wakainamisha vichwa wote kwa pamoja kuuona uwazi uliomo ndani. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mmoja akataka kuijaribu yake, na mmoja akakumbuka kuwa babu yake huokota komwe ufukweni, zimeletwa na maji. Katika kujaribu huko ikatokea komwe iliyozama. Ikabidi na hiyo ipasuliwe.

Watoto wale walikuwa wa miaka minne na mitano. Walikisia, wakajaribu, wakakuta mambo sivyo walivyodhani, wakatafuta sababu, na sababu ilipopatikana wakaipima tena. Mtafiti wa maabara hufuata hatua hizo hizo. Kilichonigusa zaidi ni subira ya mwalimu. Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo, na angeweza kulitoa kwa sentensi moja, watoto wakaitikia kwa pamoja na kusahau kabla ya saa ya uji. Alilizuia. Kuzuia jibu mbele ya watoto thelathini wanaokutazama ni ufundi, na haupatikani kwa kubahatisha.

Hesabu nazo zina mambo yake. Mtoto anaweza kughani moja hadi hamsini bila kukwama, wageni wakapiga makofi, lakini ukimtuma akuletee vijiko vitano akaleta vinne au saba. Amejua wimbo wa namba, idadi bado. Idadi huingia kupitia mikono: kugawa vizibo kwa wenzake, kutia komwe kwenye mashimo ya bao, kucheza mdako, ambapo kijiwe kikiwa juu unapaswa kujua umechota vingapi na ubakishe vingapi. Hata mwandiko tunaouharakisha huanzia huko. Mifupa ya kiganja cha mtoto wa miaka minne bado inakua, na vidole hupata nguvu kwa kufinyanga udongo, kukanda unga na kujaribu kusuka ukili kando ya bibi. Mtoto aliyefanya hayo akishikishwa penseli haimsumbui.

Haya si mambo ya kizungu yaliyoletwa kwa ndege. Mwaka 1986, mjini Mombasa, ilianza programu ya elimu ya awali ya Madrasa, baada ya viongozi wa jamii za Waislamu wa pwani kutaka watoto wao wapate maandalizi mazuri ya skuli bila kupoteza dini na utamaduni wao. Wakfu wa Aga Khan uliwaunga mkono, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa watu wa pwani, akawa nguzo ya kazi hiyo. Mwaka 1990 programu ikafika Zanzibar, kisha Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa na vijiji hivyo hivyo, wakafundishwa kutengeneza zana kwa vifuu, mbegu, makopo na vitambaa, na kupanga darasa kwa kona: ya nyumbani, ya ujenzi, ya vitabu. Mtoto anachagua kona, anasema atafanya nini, anafanya, kisha anawaeleza wenzake alichofanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kuwa waliopitia skuli hizo walipiga hatua kubwa kuliko wa skuli nyingine za awali, na wote waliwazidi waliobaki nyumbani. Zanzibar tukaja kuwa pia na vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako watoto wa vijijini walikusanyika kusikiliza masomo ya redio yaliyojaa nyimbo na michezo.

Kwa hiyo inaniuma ninapopita mjini na kuona jina la Montessori limeandikwa kwa rangi nzuri kwenye geti, na ndani watoto wamepangwa safu kwenye madawati, wanakariri. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, kwa ajili ya watoto wa maskini, akawapa vitu vya kushika, kupanga na kumimina. Sisi tumechukua jina, tukaongeza ada, vitu vya kushika tukaviacha.

Najua hofu ya wazazi, na siidharau. Zipo skuli za binafsi zinazomfanyia mtoto wa miaka sita usaili wa kusoma na kuandika kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Mzazi akisikia hivyo anatafuta tuisheni, na mtoto wa miaka minne anarudi nyumbani magharibi, amechoka, na kazi ya nyumbani juu. Usaili huo ndio wa kulaumiwa. Unawalazimisha walimu wa awali kufundisha wanachojua kuwa si wakati wake. Wapo pia watakaonijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana nahofia mkunjo tunaoutia: mtoto anayezoeshwa tangu miaka minne kunyamaza hadi apewe jibu atakuwa hivyo hivyo sekondari, na hivyo hivyo kazini.

Walimu nao tuwaonee imani. Kiwango kilichowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mtu anajua kuwa katika skuli nyingi za umma idadi hiyo ni ndoto. Beseni moja la maji kwa watoto themanini ni vurugu. Mwalimu aliyezidiwa hurudi ubaoni, kwani ubao ndio unaowatuliza wote kwa mara moja. Tukitaka watoto waguse, wizara iongeze walimu, na sisi wa jamii tuongeze mikono: kina mama, kina baba, mabibi wanaojua hadithi, mafundi wenye vipande vya mbao.

Mzazi unayetafuta skuli ya mwakani, usiishie ofisini. Omba kuingia darasani saa tatu asubuhi. Angalia watoto wameshika nini mikononi, na sikiliza ni nani anayeuliza maswali. Ukiwakuta wao ndio wanaouliza, muandikishe wako hapo, hata kama kuta hazijapakwa rangi. Na siku ya kwanza ukimpeleka, mbebee mwalimu kikapu cha vifuu, vizibo na maboksi matupu. Anavihitaji kuliko daftari la pili.