Mashine ya Kufulia na Hesabu ya Nyumbani



Hapa Kibuye, wanandoa wanapokaa kuzungumza mambo ya nyumba, swali la mashine ya kufulia huja karibu kila mara kwa namna moja. Mama anaitaka. Baba anasema itamaliza tokeni. Mama ananyamaza, na Jumamosi anarudi kwenye karai. Baba anaona pesa zimeokolewa. Je, zimeokolewa kweli, au kuna mtu mwingine anayezilipa?

Kufua kwa mikono hakuleti bili, na hapo ndipo tunapodanganyika. Nguo za watu sita, mashuka na sare za shule humaliza asubuhi nzima: kuchota maji, kuinama, kusugua, kusuuza, kukamua. Wanaoteremka kufulia ziwani, tuseme upande wa Dunga, wanajiongezea hatari ya kichocho, kwa sababu vijidudu vyake huingia kupitia ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hayo yote ni malipo, ila hayana risiti.

Bwana wetu alimsema mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Mume akihesabu uniti za stima na asihesabu mgongo wa mkewe, amehesabu nusu tu. Daktari mmoja wa Sweden, Hans Rosling, alilisema jambo hili mwaka 2010. Aliwauliza wanafunzi waliojali sana mazingira ni wangapi kati yao hufua jinzi na mashuka yao kwa mikono. Hakuna aliyeinua mkono. Kubana matumizi ni wema, lakini tuangalie anayebanwa ni nani.

Sisemi kila nyumba inunue. Karo ya shule ni kwanza, na chakula kabla ya karo. Tena kuna dawa isiyotumia stima hata kidogo: baba na vijana wa kiume washike mashuka wakamue. Baba aliyefua miezi miwili akasema mashine haihitajiki, huyo nitamsikiliza.

Hata hivyo hofu ya baba si ya bure. Katika bei zilizotangazwa na EPRA mwaka 2023, nyumba za kawaida ziligawanywa kwa wastani wa matumizi ya mwezi: zisizozidi uniti 30, zilizo kati ya 30 na 100, na zinazopita 100. Kadiri unavyopanda daraja, ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali, hata ile ya taa. Kwa hiyo aina ya mashine ni jambo la kuangaliwa.

Kinachokula stima ni kuchemsha maji. Kuzungusha nguo hakuli sana. Hita ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula uniti moja nzima. Mota ya wati 350 kwa nusu saa hiyohiyo haifikishi hata sehemu moja ya tano ya uniti. Pasi nyingi zina wati 1,000 na zaidi, karibu mara tatu ya mota hiyo, na sijasikia baba akilalamika shati lake linapopigwa pasi.

Mashine za matangi mawili nyingi hazina hita, na unaweza kuzijaza maji kwa ndoo. Kwa nyumba ambayo mfereji hukauka ovyo, hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji mengi, na lazima uhamishe nguo kwa mkono kutoka tangi moja hadi jingine. Zile za mlango wa mbele hutumia maji machache na kukamua vizuri, lakini zina hita na zinataka maji yenye nguvu kwenye bomba. Ukichukua hiyo, hakikisha ina mpango wa kufua kwa maji baridi, uutumie, na usiiwashe mpaka ijae. Ikiwa ina lebo ya Ulaya ya tangu Machi 2021, utaona herufi A hadi G na idadi ya uniti kwa mafuo 100. Linganisha idadi hiyo, hata kabla ya rangi za lebo. Mashine ya kukausha achana nayo. Jua la Kisumu halina tokeni.

Halafu anayefua ndiye awe na neno kubwa dukani. Nimeona mabwana wakinunua peke yao, kwa furaha ya kushtukiza, mashine ambayo bomba la nyumba haliwezi kuijaza.

Limebaki jambo moja zito. Nyumba nyingi zetu hufuliwa na mama anayetoka Manyatta au Obunga, naye hulisha watoto kwa malipo ya siku hiyo. Mashine ikiingia, yeye anatoka. Wako wanaoahirisha kununua kwa ajili yake. Nawaheshimu, mradi wamlipe vizuri. Mkiamua kununua, mwambieni mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, ili atafute nyumba nyingine. Kama kuna kazi nyingine hapo kwenu, mpeni. Na mkae naye nyote wawili siku ya kumwambia. Baba asimwachie mama peke yake mazungumzo hayo.