Usimhukumu Ndugu kwa Mbegu
Neno: Mwanzo 2:15

Serikali ilipotangaza mwaka wa 2022 kuondoa marufuku ya GMO, wengine wetu tulisema hiyo ni mbegu ya shetani. Sasa sikiza: pamba ya Bt, inayolimwa hapa Kenya tangu 2020, imetiwa jeni ya bakteria wa udongoni ili funza wa vitumba akiila afe. Huyo bakteria aliumbwa na nani?

Mungu alituweka shambani tulime na tutunze. Kwa hivyo uliza: bei ni ngapi? Msimu ujao nitanunua tena? Shamba la jirani je? Kuuliza si kukosa imani. Lakini kumwita ndugu yako mpagani kwa sababu ya pakiti ya mbegu, hiyo ni dhambi. Kabla hujapanda, nenda mpatane. Amina?