Kiti cha Plastiki Nyuma ya Safu

Hapa Bura, upande wa Fafi, asubuhi nafundisha Kurani na jioni napuliza filimbi kwenye uwanja wa vumbi uliozingirwa na mathenge. Winga wetu aliteguka goti. Maumivu yalikwisha kitambo, lakini bado anaswali kitini. Mzee mmoja akaninong'oneza: "Maalim, kijana wako amezoea raha."

Imran bin Huswayn alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwambia aswali amesimama, asipoweza, aketi, asipoweza, alale ubavu. Kipimo ni uwezo. Tatizo ni nani anaupima, na kwa nini.

Goti likivimba, neva huzuia misuli ya mbele ya paja isikaze sawasawa, hata mwenyewe ajitahidi vipi. Huo si uvivu. Paja hukonda upesi, na kunenepa tena huchukua miezi. Nilimzungushia tepu ya fundi cherehani, kiganja kimoja juu ya goti: mguu ulioumia ulipungua sentimita 3. Nikamwambia ainuke kitini kwa mguu mmoja. Mzima ukamwinua. Ule mwingine ukatetemeka, akadaka ukuta, akacheka kwa aibu.

Basi mzee kakosea. Lakini kijana naye hajasalimika, kwa sababu kusimama wima anaweza. Kinachomshinda ni kuinuka kutoka chini. Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema linalowezekana haliondolewi na lisilowezekana. Kwa hiyo asome Alhamdu amesimama, kiti akitumie penye sujudu, na kila nguvu ikirudi, sehemu ya ruhusa iondoke nayo.

Na nguvu hairudi kwa dua peke yake. Wanaomwambia "subiri tu, Mungu ataponya" wanaifanya subira kuwa usingizi. Subira yake ni kukandamiza taulo iliyoviringwa chini ya goti kila asubuhi, kuketi na kuinuka polepole, kisha, fizio akiridhia, kunyoosha goti akiwa amefungiwa kifundoni kidumu cha maji cha lita 5. Inachosha, haina shangwe, na hakuna anayeitazama isipokuwa Mola wake.

Makocha wenzangu, msimrudishe kwa sababu fainali imekaribia. Wataalamu wengi hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake kwanza. Goti ni amana ya Mungu kwake, si mali ya timu.